Kina cha Nne

Saa nane usiku natoka Mkoani
na maboflo mia nne nyuma, yangali moto.
Watu hudhani adui wa dereva ni giza.
Adui ni harufu ya mkate:
hukupitia kisogoni na lile joto lake
ukajiona mtoto, umefunikwa kanga,
na mguu ukasahau umewekwa pale kwa kazi gani.

Shaame, aliyeishika keri hii kabla yangu,
alisinzia Ngwachani, akaamkia katika migomba ya watu,
taa moja ikitazama mbinguni.
Watoto wa pale walikula boflo mpaka Ijumaa.
Siku aliyonikabidhi ufunguo alinipa na ndimu tatu.
"Ya kwanza itafune. Ya pili jipake usoni.
Ya tatu, ukiona unaihitaji, egesha ulale."

Ya kwanza imeishia Mtambile.
Redio hushika Tanga nikipanda kilima,
nikishuka hushika upepo.
Nikahesabu nguzo za umeme, nikafika mia na kumi na nne,
nikatanabahi kuwa ile ya mia
niliihesabu nimefumba macho.

Nikakigeukia kiti kitupu: "Kitendawili!"
Kisiseme tega.
Mikate nayo kimya, mia nne nzima,
kama watu waliokuja kudai.

Basi nikaanza kutunga.
Usingizi we mgeni, huna hodi mlangoni,
wakaa pangu kitini, walala pangu begani…
nikamsikia bibi yangu, Mize binti Asaa,
akisonya huko alikolala:
"Ni, ni, ni! Hicho kina cha wavivu.
Kila kitu kina pa kuwekwa:
mezani, kitandani, kaburini."
Lile la mwisho lilinifungua macho kuliko ndimu.

Nikatafuta kina cha shida. Nikakipata kwenye magunia
yaliyopangwa kibarazani pa mtu, nje ya Chake:
Usingizi una hila, hunukia karafuu,
na haukupita mwendo nikaongeza
kichwa changu kinalala, kitupu kama kifuu.
Nikajipigia makofi. Usukani ukaenda kushoto.
Nikaacha kujipigia makofi.

Kutoka hapo, taabu.
Jaribu mwenyewe: neno lenye kuisha na fuu.
Nililiomba kwa kila kona, kwa kila tuta,
nililisaka mpaka Ole, nikalipita jina la Ole
bila kuona kibao chake.
Ndimu ya pili nilijipaka. Ikanitoa machozi, neno haikunitoa.

Kabla ya Finya ng'ombe kalala katikati ya lami.
Lami hutunza joto la mchana, ndiyo godoro lake.
Nikapiga honi. Akatafuna.
Nikashuka, nikamsukuma kwa bega, nikamwonea wivu
kwa namna alivyolala bila kuulizwa na mtu mikate iko wapi.
Nyuma yake, kwenye mwanga wa taa, mti umesimama,
nao ulikuwapo siku zote ninazopita hapa:
Mbele sioni mahala, ila giza na mfuu.
Ng'ombe alipoondoka nilimshukuru kwa jina lisilo lake.

Vitatu. Shairi lenye mistari mitatu
ni meza ya miguu mitatu, husimama, lakini hulali juu yake.
Nikaenda nalo hivyo, nikilirudia, nikilirudia,
ndimu ya tatu mfukoni, haijaguswa,
mpaka Konde, adhana ya kwanza,
Bi Zuwena keshafungua upande mmoja wa mlango.

Akahesabu mikate yake. "Pana pungufu moja."
Nikamwambia njia ilikuwa ndefu.
Hakucheka, hakukasirika.
Akanimiminia chai, akaona mkono wangu unavyotetemeka,
akakitwaa kikombe, akakipoza mwenyewe kwa pumzi.

Nikasimama na mdomo wazi.
"Rudia," nikamwambia. "Hivyo ulivyofanya."
Chai moto, Bismilla, naipulizia: fuu.

Kesho nitachukua kina cha ngwe.
Nina kimoja tu, na Ngwachani bado iko pale pale.